Chekechea ya Kifaransa nchini Kanada: mtoto asiyejua neno hata moja hufundishwaje?

Septemba ikifika, watoto wa miaka minne na mitano huingia madarasa ya chekechea ya Toronto, Halifax na Vancouver ambako mwalimu anazungumza nao Kifaransa tu. Nyumbani kwao kunasemwa Kiingereza, Kipunjabi, Kisomali, Kiswahili. Kifaransa hawakijui hata kwa salamu. Mwalimu hatafsiri, hawapi orodha ya maneno ya kukariri, na kwenye ratiba hakuna kipindi kinachoitwa somo la Kifaransa. Hata hivyo, Juni inapofika wengi wao wanafuata maelekezo yote ya siku, wanaomba wanachokitaka, na wanasimulia hadithi fupi wakisaidiwa na picha.

Mzazi akiuliza imewezekanaje, mara nyingi huambiwa kwamba watoto hunasa lugha haraka. Jibu hilo halitoshi, na kwa kiasi fulani linapotosha. Mtoto aliyeachwa tu penye lugha ngeni hunasa kidogo sana. Kinachofanya kazi ni mpango: kila shughuli ya siku, kuanzia kutundika begi hadi kuvaa koti, huchaguliwa kwa sababu ya sentensi ambazo mtoto atazisikia mara nyingi na baadaye atalazimika kuzisema. Shughuli ikipangwa vibaya, mtoto anaweza kucheza kwa furaha mwaka mzima na asiseme Kifaransa chochote zaidi ya rangi na namba.

Mfumo huu, unaoitwa uzamishaji kwa sababu mtoto huzamishwa ndani ya lugha, ulianzia Saint-Lambert, kitongoji cha Montreal, Septemba 1965. Wazazi wanaozungumza Kiingereza, wakiwamo Olga Melikoff, Murielle Parkes na Valerie Neale, waliona watoto wao wakisoma Kifaransa kwa miaka mingi na bado wakishindwa kuzungumza na majirani. Waliibana bodi ya shule mpaka ikakubali darasa moja la majaribio la chekechea, na walipata ushauri wa mwanasaikolojia Wallace Lambert na daktari wa ubongo Wilder Penfield, wote wa Chuo Kikuu cha McGill. Lambert na Richard Tucker waliwafuatilia watoto hao na kuchapisha matokeo mwaka 1972. Hofu ya wengi ilikuwa kwamba Kiingereza chao kingeharibika. Hakikuharibika. Walibaki nyuma kidogo katika kusoma na kuandika Kiingereza miaka ya mwanzo, kisha pengo hilo likafungika baada ya somo la Kiingereza kuanza kufundishwa.

Leo kila jimbo lina utaratibu wake. British Columbia huanza chekechea kwa Kifaransa kitupu, na somo la Kiingereza husubiri hadi darasa la tatu au la nne. Ontario ina miaka miwili ya chekechea, na bodi za shule hazifanani: nyingine huanza uzamishaji mwaka wa pili, nyingine hugawa siku nusu kwa nusu. New Brunswick huanza darasa la kwanza. Kwa hiyo mzazi asome taratibu za bodi yake mwenyewe, si za rafiki anayeishi mji mwingine.

Maana hupita wapi kama hakuna tafsiri

Mwalimu akisema "Assieds-toi" huku akiketi, na "Lève-toi" huku akisimama, mtoto hahitaji kuelezwa. Akirudia ishara ileile ya mkono kwa neno lilelile kila siku, kwa mfano mikono miwili kifuani kwa "J'aime", napenda, na kiganja kilichofunguliwa kwa "Donne-moi", nipe, ishara hiyo inakuwa daraja. Ishara ikibadilika kila siku daraja linakatika. Ndiyo maana walimu wazuri hukaa kabla ya mwaka kuanza na kukubaliana na msaidizi wao ishara ishirini au thelathini za kutumia. Wawili hao wakipishana, watoto huchelewa kuelewa na hakuna anayejua sababu.

Nguzo nyingine ni ratiba isiyobadilika. Picha za shughuli za siku hupangwa ukutani kwa mfululizo: begi, duara, michezo, vitafunio, nje, hadithi. Mtoto anayejua kitakachofuata hukisia maana ya sentensi kabla haijaisha, na kukisia huko ndiko kujifunza. Katika wiki nne za mwanzo ni afadhali darasa lifanye mambo machache yaleyale kwa maneno yaleyale kuliko kuleta kitu kipya kila asubuhi.

Michezo ya kutii amri kwa mwili inafaa sana hapa. "Jacques a dit" ni mmoja wao: watoto hutenda tu amri inayotanguliwa na maneno hayo. Mwalimu huanza na amri nne (gusa pua, ruka, geuka, kaa), kisha huongeza mbili kila wiki. Kosa la kawaida ni kutenda pamoja na watoto muda wote. Wakati huo wanamwiga, hawamsikilizi. Baada ya siku mbili tatu mwalimu aweke mikono nyuma na atoe amri kwa sauti tu. Hapo ndipo ataona nani ameelewa.

Miezi ya mwanzo watoto wengi husikiliza zaidi ya kusema, na wakisema hujibu kwa Kiingereza. Mwalimu hawakemei. Mtoto akisema kwa Kiingereza kwamba anataka maji, mwalimu hujibu, "Ah, tu veux de l'eau! Dis: je veux de l'eau," na kumpa maji. Jambo la kuepuka kabisa ni kusema sentensi kwa Kifaransa kisha kuirudia kwa Kiingereza. Mtoto ana akili. Akigundua kwamba tafsiri inakuja, huacha kusikiliza nusu ya kwanza. Kiingereza kina nafasi yake mtoto akiumia, akiogopa, au pakiwa na hatari. Wakati huo faraja ina thamani kuliko sarufi.

Duara la asubuhi

Watoto hukaa kwenye zulia na mtoto mmoja, "l'ami du jour", yaani rafiki wa siku, huongoza. Wanasalimiana, wanataja siku, wanatazama hali ya hewa, wanahesabu waliofika. Kalenda inafundisha zaidi ya majina ya siku: "Hier, c'était lundi. Aujourd'hui, c'est mardi. Demain, ce sera mercredi." Yaani jana ilikuwa Jumatatu, leo ni Jumanne, kesho itakuwa Jumatano. Wakati uliopita, uliopo na ujao vimo ndani ya sentensi tatu ambazo mtoto atazisikia karibu kila siku ya shule.

Lakini duara ndilo linaloharibika kirahisi kuliko shughuli zote, na hesabu yake ni rahisi. Darasa la watoto 24 likikaa dakika 20, kila mtoto ana sekunde 50 za kusema, hata kama mwalimu angekaa kimya kabisa. Mwalimu akichukua robo tatu ya muda huo, kama ilivyo kawaida, kila mtoto anabakiwa na sekunde 12 au 13. Waliobaki wanasubiri, wanachezea viatu, na wanajifunza kwamba Kifaransa ni lugha ya kumsikiliza mtu mwingine akiisema.

Dawa yake ni kufupisha kalenda isizidi dakika tano na kumpa kila mtoto kitu cha kujibu kwa wakati mmoja. Swali la siku linafaa kwa kazi hiyo. Mwalimu hubandika picha ya tufaha na swali "Aimes-tu les pommes?" (unapenda tufaha?) juu ya safu mbili, "oui" (ndiyo) na "non" (hapana). Kila mtoto anapoingia asubuhi huchukua kadi yenye jina lake, huibandika kwenye safu yake na kumwambia mwalimu "Oui, j'aime les pommes" au "Non, je n'aime pas les pommes". Hivyo kila mmoja ameshasema sentensi kamili kabla duara halijaanza. Kwenye duara wanahesabu kadi pamoja na kulinganisha: wapi kuna nyingi, wapi chache, zimezidi kwa ngapi. Hesabu na lugha vimeshughulikiwa kwa dakika sita. Kesho swali ni ndizi, keshokutwa ni theluji. Sentensi inabaki ileile na neno moja tu linabadilika.

Kuvaa nguo za theluji

Mgeni akitembelea darasa hili Januari, ataona muda mrefu "ukipotea" mlangoni watoto wakijivika kwenda nje. Watoto zaidi ya ishirini huweza kutumia robo saa nzima, na wakirudi wanavua kwa muda uleule. Mwalimu asiyejua kazi yake huwaharakisha kwa Kiingereza. Anayejua huona kwamba hakuna kipindi cha lugha kilicho bora kuliko hiki, kwa sababu kila neno lina kitu mkononi na kila sentensi ina haja ya kweli nyuma yake.

Mpangilio haubadiliki: "le pantalon de neige" kwanza, yaani suruali nzito ya theluji, kisha "les bottes", buti, kisha "le manteau", koti, halafu "la tuque", kofia ya sufu, "le cache-cou", kitambaa cha mviringo cha shingoni ambacho shule nyingi hukipendelea kuliko skafu ndefu inayoweza kunasa kwenye vifaa vya michezo, na mwisho kabisa "les mitaines", glavu zinazotenga kidole gumba peke yake. Mtoto akivaa buti kabla ya suruali, buti hazipiti kwenye mguu wa suruali na anaanza upya. Akivaa glavu kabla ya koti, hawezi kufunga zipu. Makosa hayo yanafaa, maana yanafundisha "d'abord" (kwanza), "ensuite" (kisha) na "à la fin" (mwishoni) kuliko bango lolote. Mwalimu hubandika picha sita kwa mfululizo chini ukutani, kwenye usawa wa macho ya mtoto aliyeketi sakafuni, na badala ya kumvika huuliza: "D'abord, qu'est-ce que tu mets?", kwanza unavaa nini?

Msamiati wa mlangoni ni mdogo na wenye nguvu. "Aide-moi, s'il te plaît," nisaidie tafadhali. "C'est coincé," zipu imekwama. "Où est ma mitaine?", glavu yangu iko wapi? "Je suis prêt," niko tayari, anasema mvulana, "Je suis prête," anasema msichana, na hapo herufi t inasikika. Tofauti ya kike na kiume ambayo kwenye kitabu ni kanuni ya kuchosha, hapa mtoto anaisikia kwa wenzake mara nyingi kila siku, nayo inamhusu yeye mwenyewe. Mwalimu akiweka sharti dogo kwamba msaada wa zipu hutolewa kwa anayeuomba kwa Kifaransa, baada ya wiki mbili karibu darasa zima linaomba. Sharti hilo ni la zipu tu. Mtoto anayelia kwa baridi asaidiwe kwanza.

Maneno "tuque" na "mitaines" ni ya Kanada. Huko Ufaransa glavu hizo huitwa "moufles". Mzazi aliyesoma Kifaransa Kinshasa, Bujumbura au Lyon asishangae mtoto akirudi na maneno asiyoyajua; hayo ndiyo atakayoyasikia Montreal.

Kona za michezo, na duka linalomlazimisha mtoto aseme

Sehemu kubwa ya siku, kwa kawaida dakika 40 hadi 60 kwa mkupuo, watoto hucheza katika kona: mchanga, maji, matofali ya mbao, rangi, nyumba ya kuigiza, vitabu. Hapa ndipo penye tatizo kubwa la uzamishaji wote. Watoto wakiachwa peke yao huzungumza Kiingereza, na hilo ni jambo la asili, kwa sababu ndiyo lugha ya urafiki wao. Kuwakataza hakusaidii, wataendelea kwa kunong'ona. Kinachosaidia ni kujenga mchezo ambao Kifaransa ni sehemu ya uigizaji wenyewe.

Chukua duka, "l'épicerie". Vitu kumi vinatosha: pomme, banane, carotte, pain, lait, œufs, fromage, riz, poisson, jus, yaani tufaha, ndizi, karoti, mkate, maziwa, mayai, jibini, mchele, samaki na juisi. Makopo na maboksi matupu kutoka nyumbani yanafaa kuliko plastiki za kununua. Sentensi ni nne: "Je voudrais..." (ningependa), "C'est combien?" (bei gani?), "Voilà" (haya, chukua), "Merci, bonne journée" (asante, siku njema). Bei ni kati ya dola 1 na 5, na pesa ni vifungo au vipande vya plastiki.

Jumatatu mwalimu na msaidizi wake huigiza mbele ya darasa zima, mmoja muuzaji na mwingine mteja, mara tatu kwa maneno yaleyale. Jumanne mwalimu anauza na watoto watatu watatu wananunua. Jumatano mtoto anachukua nafasi ya muuzaji na mwalimu anakuwa mteja mgumu: "Je voudrais du lait. Non, pas du jus, du lait!" Alhamisi watoto wanauziana wenyewe, mwalimu akiwa karibu. Ijumaa kila mteja anapewa orodha ya picha tatu ambayo muuzaji haioni. Orodha hiyo ndiyo siri ya mchezo: muuzaji hawezi kujua kinachotakiwa mpaka mteja aseme.

Makosa ya duka hujirudia darasa baada ya darasa. Vitu vikiwekwa wazi mezani, watoto hunyoosha kidole na wala hawasemi. Viweke nyuma ya muuzaji au ndani ya maboksi yaliyofungwa, na kidole hakitafika. Vitu vikiwa thelathini, watoto wanapanga na kupakua tu. Mwalimu akiondoka Jumatano, mchezo unageuka Kiingereza kabla ya Alhamisi, kwa sababu sentensi bado hazijakaa mdomoni. Na duka likikaa wiki sita bila kubadilika, linakufa. Baada ya wiki mbili ligeuze kituo cha daktari wa wanyama au posta, lakini "Je voudrais" na "Merci, bonne journée" zibaki.

Shughuli nyingine yenye lugha nyingi ni kutengeneza unga wa kufinyanga, kwa sababu inaleta vitenzi. Madarasa mengi yana majina tele (rangi, wanyama, matunda) na vitenzi vichache mno, na mtu hawezi kuunda sentensi kwa majina matupu. Kipimo cha meza ya watoto wanne au watano ni vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi, vijiko 2 vikubwa vya mafuta na maji yasiyozidi kikombe 1, yakimiminwa kidogo kidogo. Amri zinafuatana: "Verse", mimina, "Mélange", changanya, "Pétris", kanda, "Roule", viringisha, "Aplatis", bapaza, "Coupe", kata. Maji yakizidi, "C'est trop collant!", linanata mno, na mtoto anaomba "Encore de la farine", unga zaidi. Yakipungua, donge linamomonyoka, "C'est trop sec!", limekauka mno, na anaomba "Encore de l'eau", maji zaidi. Usipime kwa usahihi kabisa kwa niaba yao, maana donge linalotoka sawasawa mara ya kwanza halina cha kuzungumziwa. Uliza kwanza kama kuna mtoto asiyeruhusiwa kugusa ngano.

Hadithi moja, siku tano

Hadithi moja isomwe wiki nzima. Kitabu kizuri kwa kazi hii kina sentensi inayojirudia kila ukurasa, picha inayoonyesha kilichoandikwa, na mistari miwili au mitatu kwa ukurasa. Siku ya kwanza mwalimu anasimulia kwa picha na vitu, bila kusoma kila neno. Ya pili watoto wanaongeza ishara na kuitikia sentensi inayojirudia. Ya tatu mwalimu anakatiza kabla ya neno la mwisho na kuwasubiri walitaje. Asubiri kwa kweli, sekunde tano kamili, maana ukimya huo ndio unaomfanya mtoto atafute neno. Ya nne wanapanga picha nne za tukio kwa mfululizo, na ya tano wanaigiza.

Mtego uko kwenye uchaguzi wa kitabu. Vitabu vilivyoandikwa kwa watoto wanaozungumza Kifaransa tangu kuzaliwa huwa na lugha nzito kwao, na vingi hutumia wakati wa kisimulizi, "il entra" (aliingia), "elle prit" (alichukua), ambao hausemwi katika mazungumzo ya kawaida. Mwalimu abadilishe anaposimulia: "il entre", "elle prend". Hapotezi chochote cha hadithi, na mtoto anasikia maumbo atakayoweza kuyatumia mwenyewe.

Sauti kabla ya herufi

Kabla ya kusoma, mtoto afundishwe kusikia vipande vya neno. Wanapiga makofi kwa silabi: "pa-pil-lon" matatu, "la-pin" mawili, "chat" moja. Wanatafuta yanayofanana mwisho, "lapin" na "sapin". Baadaye wanajenga silabi, "ma, mi, mo", kama tulivyojifunza ba-be-bi-bo-bu. Uwezo wa kusikia sauti ndani ya neno huhama kutoka lugha moja kwenda nyingine, na hii ni sababu mojawapo ya watoto hawa kutochelewa sana kusoma Kiingereza.

Sauti zinazosumbua zinajulikana: "u" ya "lune", inayotamkwa kwa midomo iliyochongoka huku ulimi ukiwa mahali pa i, na irabu za puani za "pont", "lapin" na "blanc". Michezo ya kutofautisha inafaa: mwalimu anasema "roue" au "rue" na mtoto anainua picha ya gurudumu au ya barabara. Asikie kwanza, aseme baadaye.

Majina ya herufi nayo huwachanganya wanaojua Kiingereza. Herufi i kwa Kifaransa inaitwa kwa sauti ambayo Kiingereza huipa jina la herufi e, na g na j zinakaribia kubadilishana majina. Mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili ana nafuu: a, i na o za Kifaransa ziko karibu sana na zake, na é inafanana na e yetu. Tahadhari ni moja, kwamba u ya Kiswahili huandikwa "ou" kwa Kifaransa.

Makosa ya watoto, na namna ya kuyashika

"Je suis cinq ans." "Je suis froid." "Je suis fini." Sentensi hizi husikika katika madarasa ya uzamishaji kote nchini, na zote zimetoka kwenye Kiingereza, ambacho husema mtu "yuko" miaka mitano. Kifaransa husema anayo: "J'ai cinq ans" (nina miaka mitano), "J'ai froid" (nasikia baridi), "J'ai fini" (nimemaliza). Hapa tena Kiswahili kiko upande wa Kifaransa, kwani sisi pia tunasema nina miaka mitano, nina njaa.

Walimu wengi hurekebisha kwa kurudia sentensi kwa usahihi na kuendelea. Roy Lyster na Leila Ranta, katika utafiti wao wa 1997 kwenye madarasa ya uzamishaji ya wanafunzi wakubwa kuliko hawa, waliona kwamba marekebisho ya aina hiyo ndiyo yaliyotumika zaidi na ndiyo yaliyoitikiwa kidogo zaidi na wanafunzi. Sababu inaeleweka: mtoto akisema "Je suis fini" na mwalimu akajibu "Ah, tu as fini, bravo!", mtoto anasikia pongezi tu. Kwa chekechea kurudia bado kuna nafasi, hasa miezi ya mwanzo, lakini kuanzia karibu Januari mwalimu aanze kumpa nafasi ya kujirekebisha: aanzishe "J'ai..." na kumsubiri amalizie, au ampe chaguo mbili. Achague kosa moja au mawili ya darasa zima kwa mwezi. Anayerekebisha kila kitu hunyamazisha darasa.

Jinsia ya majina, "le" na "la", haina njia ya mkato. Mtoto anayeachiwa husema "le" kwa kila kitu. Madarasa mengi huweka kadi za kiume kwenye fremu ya bluu na za kike kwenye nyekundu, na kila jina hufundishwa pamoja na neno dogo linaloonyesha jinsia yake tangu siku ya kwanza: "une pomme", kamwe si "pomme" peke yake. Msomaji wa Kiswahili anaelewa jambo hili bila shida, kwa kuwa hata sisi hatujifunzi ngeli kwa kanuni bali kwa kusikia kitu hiki na mti huu mara elfu.

Uzito wa kusema unaonekana baadaye. Merrill Swain, aliyechunguza wanafunzi wa uzamishaji wa Ontario, aliandika mwaka 1985 kwamba walielewa Kifaransa vizuri sana lakini usemaji wao ulibaki na mapengo, kwa sababu walisikia lugha nyingi na kusukumwa kidogo mno kuitumia kwa usahihi. Duka lenye maboksi yaliyofungwa na swali la siku mlangoni ni majibu ya tatizo hilo kwa mtoto wa miaka mitano.

Kwa wazazi

Mzazi asiyejua Kifaransa hana cha kuogopa. Programu ilibuniwa kwa ajili ya familia kama yake. Amsomee mtoto kila siku kwa lugha anayoimudu vizuri, iwe Kiswahili au Kiingereza. Mtoto mwenye hadithi nyingi kichwani anaelewa hadithi ya Kifaransa haraka zaidi. Hakuna haja ya kuacha Kiswahili nyumbani ili "kupunguza mzigo". Mtoto asilazimishwe kuonyesha Kifaransa chake mbele ya wageni, kwani ukimya wa Oktoba hauna maana kwamba hajifunzi. Dalili za kutazama ni nyingine: anaimba anapooga, anawapa wanasesere amri kwa Kifaransa, anajua afanye nini mwalimu anaposema. Kama kufikia Februari hafuati hata maelekezo ya kila siku, hapo ni sawa kumwona mwalimu, kuomba mtoto apimwe masikio, na kueleza anavyozungumza lugha ya nyumbani.

Ukitembelea shule, tazama wakati wa kona za michezo, si wakati wa duara. Angalia kama mwalimu yumo ndani ya mchezo au yuko mezani kwake, na kama watoto wanasema sentensi au maneno pweke.

Familia kutoka Kongo, Burundi na Rwanda wanaozungumza Kifaransa nyumbani wana jambo la kuangalia kabla ya kujiandikisha. Uzamishaji ni wa watoto wasiojua Kifaransa, na mtoto anayekijua atakaa mwaka mzima akisikia sentensi alizozimudu akiwa na miaka miwili. Nje ya Quebec kuna shule za Kifaransa za umma zenye bodi zake, ambako masomo yote ni kwa Kifaransa na watoto huzungumza Kifaransa hata uwanjani. Kifungu cha 23 cha Mkataba wa Haki na Uhuru wa 1982 kinawapa haki ya shule hizo raia wa Kanada wanaotimiza masharti yake, kwa mfano wale ambao lugha yao ya kwanza ni Kifaransa. Ontario, familia isiyo na haki hiyo, ikiwamo ya wahamiaji, inaweza kuomba kupitia kamati ya kupokea wanafunzi. Omba miadi na mkuu wa shule, nenda na mtoto, na ueleze Kifaransa kinatumikaje nyumbani. Katika bodi nyingi usajili wa chekechea ya Septemba hufunguliwa katikati ya majira ya baridi, karibu Januari au Februari, kwa hiyo maswali haya yaulizwe kabla ya mwaka mpya.